Makumbusho Yenye Sambusa

Jamani, leo nimeaibika. Na heri ningeaibika peke yangu. Nimemliza na msichana wa watu, siku yake kubwa.

Nianze mwanzo. Mama mkwe na wifi yangu Mwende walifika juzi kutoka Kitui kututembelea hapa Mokowe. Mimi nafundisha shule ya msingi, mume wangu yuko kazini bandarini. Mama mkwe ana miaka sitini na kitu na alikuwa hajawahi kuona bahari. Nikaapa nitamwonyesha Lamu yote kwa siku moja. (Miaka mitatu nimekaa huku. Nilijiona mwenyeji kabisa.)

Asubuhi tukapanda boti hadi Shela. Huko mambo yalikwenda vizuri mno. Mama mkwe aliingia maji ya magotini akawa anayakemea mawimbi kama anayefukuza mbuzi shambani. Wimbi moja likamkalisha. Tukakimbia kumwinua, likatukalisha na sisi. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Tukatoka tumeroa kuanzia kiunoni kwenda chini, mchanga mpaka masikioni.

"Turudi tubadilishe nguo," Mwende akasema.

"Jua litakausha," nikamjibu. (Halikukausha.)

Tukachukua boti nyingine hadi mjini. Kwa heshima ya mji nikawafunga leso kichwani, na mimi nikajifunga yangu. Nilitaka waone ile nyumba ya kale iliyogeuzwa makumbusho. Niliwahi kuingia mara moja, na wanafunzi wa darasa la sita. Vichochoro vya mtaa wa Mkomani lakini vinafanana, ndugu zangu! Tukazunguka. Tukapita msikiti mmoja mara tatu.

"Si tuulize mtu?" Mwende akasema.

"Niulize nini na mimi ni mwenyeji?"

Basi tukaona mlango mkubwa wa nakshi uko wazi, udi unanukia hadi nje. Mlangoni kuna safu ya viatu vya wanawake. "Hii hapa," nikasema. "Watalii wengine wako ndani. Vueni viatu."

Nikabisha, nikasalimia kwa salamu yangu ya Kiislamu niliyoizoea. Akatokea mama wa makamo, kavaa dhahabu, uso umechangamka.

"Karibuni, karibuni! Tumewangoja tangu asubuhi. Ndia haikuwachosha, safari ndefu hivyo?" Akatukumbatia mmoja mmoja. "Masikini, mmeroa! Boti iliwarushia maji?"

Mama mkwe akaninong'oneza, "Watu wa makumbusho hukumbatia wageni?"

"Ndio utamaduni wenyewe," nikamwambia.

Tukakalishwa kwenye magodoro meupe, mapya, yenye mito iliyotariziwa. (Na zile nguo zetu za Shela. Nikikumbuka hapa nataka kujifunika blanketi.) Ikaletwa mikate ya sinia, sambusa, halwa, kahawa ya tangawizi. Nikatafuta kwa macho meza ya kulipia kiingilio, sikuiona. Nikala. Mwende akala sambusa sita. Bibi mmoja mzee aliyekaa pembeni na wanawake wenzake alikuwa akituangalia tu na tasbihi yake mkononi.

Mdomo nao haukutulia. Nikasimama kuwaeleza wenzangu habari za vidaka, vile vishimo vya ukutani vya kuwekea vyombo. Nikashusha sahani moja ya kale, nikaigeuza chini juu. "Hizi zamani walipakulia wali. Siku hizi hazitumiki."

"Twazitumia," yule mama akasema taratibu.

Nikacheka. Nikadhani ameajiriwa kuigiza! Nikamsifu kabisa, "Unafanya vizuri sana."

Kisha akaingia msichana. Kajipamba, hina hadi viwikoni, asumini kwenye nywele, macho chini, kabeba sinia ya vikombe. Nikapiga makofi ya furaha. "Mama, huyu sasa ni bibi harusi wa kale! Dada, simama hapo karibu na kitanda. Geuka kidogo. Inua uso." Nikampiga picha kumi na mbili. Msichana wa watu alitii kila nilichosema.

Yule mama akamgeukia mama mkwe. "Na yeye kijana mwenyewe hakuya?"

Mama mkwe akafurahi kuulizwa habari za mwanawe. "Kijana yangu? Yuko kazini, huko bandarini."

"Mashaallah. Twasikia ni mtulivu."

"Sana! Zamani alikuwa anapiga pombe, sitaki kukudanganya. Lakini tangu aoe, ameacha."

Tasbihi ya bibi ikasimama.

"Tangu aoe?" yule mama akauliza. "Ameoa nani?"

"Si huyu hapa!" Mama mkwe akanishika bega kwa fahari. "Na ni mwalimu!"

Sinia ikaanguka. Vikombe vikapasuka. Msichana akanitazama, nami bado nimeshika simu, akapanda ngazi mbio huku analia. Juu tukasikia mlango ukipigwa komeo.

Yule mama, kumbe ndiye mama yake, akanijia. "Umekuja kumpiga picha mke mwenzio? Nyumbani kwangu?"

Mke mwenza? Mimi nikamuuliza kitu pekee kilichonijia kichwani: "Samahani, hapa si makumbusho?"

Na hapo ndipo sauti za wanawake zikabisha hodi mlangoni. Wakaingia wanne, wamebeba vikapu vya zawadi, wakasema wametoka Mumias, wamechelewa kwa sababu basi liliharibika njiani. Hao ndio waliokuwa wakingojwa! Wamekuja kumwona mchumba wa kijana wao, naye anafanya kazi bandarini kama mume wangu. Wenyeji walimjua kijana kwa sura tu, jamaa zake walikuwa hawajawahi kuwaona. Walijua tu kuwa wakwe zao ni watu wa bara.

"Mwanao ana mke!" mama wa msichana akamwambia wa kwanza aliyeingia.

"Mke gani?" Yule mgeni akaweka kikapu chini, akashika kifua.

Ilibidi nifungue simu niwaonyeshe picha ya mume wangu. Ikapita mkono kwa mkono. "Siye," wakasema wageni. "Siye," akasema mama wa msichana, akakaa chini. Bibi wa tasbihi ndiye wa kwanza kucheka, wenzake wakafuata kidogo. Mama wa msichana hakucheka. Wageni wakatafuta pa kukaa kwenye magodoro, wakakuta alama tatu za maji na mchanga.

Nikapanda ngazi. Msichana anaitwa Maryam. Nikaongea na mlango karibu nusu saa.

"Maryam, mimi ni mwalimu wa Mokowe. Nimepotea njia. Mchumba wako simjui, na hajaoa. Kosa ni langu lote."

Sauti ikatoka ndani: "Wallahi?"

"Kweli kabisa."

Akafungua. Macho yamevimba, wanja umeshuka hadi kidevuni. Akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, nilijipamba tangu alfajiri. Sasa watanionaje?"

Nikalowesha ncha ya leso yangu, nikampangusa uso, naye akajipaka wanja upya. Haukukaa kama ule wa kwanza. Picha zote nikazifuta mbele ya mama yake. Tukaomba radhi kwa kila mtu, tukafagia vigae vya vikombe, tukatoka. Jioni hii nasikia mambo yaliendelea, mchumba hakupotea. Lakini walimwona akiwa na macho mekundu, wakala sambusa tulizobakiza.

Tukapanda boti ya kurudi. Karibu na Mokowe mama mkwe akakohoa. "Na ile makumbusho yenyewe tutaenda lini?"

Ndugu zangu, naomba asicheke mtu. Mwenye haki ya kucheka ni Maryam, na leo hakucheka.