Kifuniko, Chapati na Aproni ya Dada

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Dada, naahidi kuandika yote humu, hata ya aibu, kisha daftari zima nitakutumia huko chuoni.

Habari kubwa: aproni yako bado inaning'inia kwenye msumari kando ya jiko. Mama amesema Ijumaa atachagua wa kuivaa. Jumamosi mwalimu wangu mkuu na walimu wake watakula hapa mgahawani baada ya kikao, na Mama hawezi kusimamia mchuzi na chapati peke yake. Ni mimi au binamu, yule binti wa mjomba. Mimi niliyeosha sahani tangu ulipoondoka! Yeye kaja juzi tu.

Tatizo ni moja. Chapati za binamu ni duara kama zimepigwa muhuri. Zangu zina pembe. Leo jioni yule seremala wa meza ya mlangoni aliinua yangu kwenye taa, akauliza leo amepewa nchi gani. Mwenzake akamwambia ale polepole, asije akamaliza bandari. Mgahawa mzima ukacheka. Hata Mama, ingawa yeye aligeukia ukuta.

Jumanne, tarehe 4

Nimepata! Kifuniko cha sufuria ya maharagwe.

Nilikigandamiza juu ya chapati mbichi, nikakata kandokando. Duara safi. Nikaitia kwenye kikaango. Ikanywea, ikarudia pembe zake, kana kwamba ilikuwa inangoja nigeuke. Nikatulia nikafikiri, kama tulivyofundishwa kwenye sayansi. Kinachonywea ni kibichi. Basi ikatwe ikishaiva. Nikapika, nikafunika, nikazungusha kisu. Dada! Hata wewe hukuwahi kupika duara kama lile.

Yakabaki yale mabaki ya pembeni. Nikayala. Yote. Chakula cha jioni kikanishinda, na Mama akauliza naumwa nini. Nikasema hesabu.

Alhamisi, tarehe 6

Kuku wa jirani wameniponza. Jana niliwarushia mabaki juu ya uzio. Leo wamenisindikiza hadi lango la shule, wamejipanga mstari vizuri kuliko sisi. Mwalimu wa zamu akauliza nimekuja kusoma au kufuga.

Jioni jirani alikuja kulalamika kwamba kuku wake wamesusa pumba, wanamtazama kama amewakosea. Mama akasema labda ni joto. Mimi nilisugua sufuria kwa bidii sana.

Seremala naye anauliza kama siku hizi chapati zinapitia kwa fundi cherehani kupunguzwa. Wivu tu. Na Mama anasema unga unakwisha haraka, lazima ni panya. Ametega mtego. Maskini panya.

Ijumaa, tarehe 7

NIMESHINDA!

Mama alitupa kila mmoja donge sawa. Binamu alipokwenda kuchota maji, nikakata zangu chapuchapu, mabaki nikayatia kwenye ndoo safi chini ya sinki na kuyafunika kwa kitambaa. Mama akazunguka mafungu yote mawili kama mnunuzi wa ng'ombe. Akachukua moja yangu, akaigeuza huku na huku. "Mwanangu, mikono hii umeitoa wapi?" Kisha akaitoa aproni msumarini. Inanifika kwenye vifundo vya miguu. Nitalala nayo.

Binamu alinipongeza. Alitazama chini ya sinki kidogo, akanitazama mimi, halafu akaendelea kumenya vitunguu.

Jumamosi, tarehe 8

Najikaza kuandika, kwa kuwa niliahidi.

Walimu walikuja wengi kuliko walivyosema. Nikapika, nikakata, nikaficha. Nikapika, nikakata, nikaficha. Kadiri nilivyoharakisha ndivyo pembe zilivyozidi, mpaka kifuniko cha maharagwe hakikupata pa kukaa. Nikahamia cha sufuria ndogo. Kisha cha birika.

Unga ukaisha. Meza ya mwalimu mkuu ilikuwa haijapata kitu.

Mama aliingia akaona sahani ya vichapati vinavyotosha kiganjani, na mfuko mtupu. Hakunifokea. Bora angefoka. Aliketi juu ya gunia la viazi akasema kwa sauti ndogo kwamba kesho mji mzima utasema kwake watu hawashibi.

Binamu akaivuta ndoo. Vitunguu, nyanya, mayai, mabaki yangu yote, karai moja, moto mkali. Sahani zikatoka. Huko nje zikasikika sauti za vijiko tu. Kisha mwalimu mkuu akaomba aongezewe, akauliza chakula hiki kinaitwaje, na akasema Jumamosi ijayo watakuja tena, wapikiwe hichohicho.

Mama akamwita binamu mbele, wakampigia makofi. Aliporudi, Mama alininyooshea mkono. Nikavua aproni. Binamu ilimfika magotini, kama wewe.

Hakunisema kwa Mama, lakini Mama ana macho, na ndoo ilikuwa katikati ya jiko. Wakati tunaosha vyombo binamu alininong'oneza: "Mdogo wangu, si ungeniambia tu nikufundishe kusukuma? Geuza chapati kidogo kila unaposukuma. Wewe unasukuma upande mmoja kama unapanguza meza."

Jumapili, tarehe 9

Nimelia kidogo, kisha nimefikiri sana.

Mama ameniuliza, kwa upole, kama kesho nitakaa na binamu anifundishe. Nimesema nitaona. Tatizo haliko kwenye kusukuma. Tatizo ni kwamba hakuna aliyetambua jambo moja la wazi: chapati za binamu hazina pembe! Jumamosi ijayo mabaki atayatoa wapi? Nimemuuliza. Eti atakata tu chapati nzima vipande vipande. Masikini. Hajui kwamba utamu wote ulikuwa pembeni.

Na mwenye pembe humu ndani ni mimi.

Basi mpango ni huu. Nitapika kwa mtindo wangu, nikate kwa kifuniko cha birika tangu mwanzo, nimpe Mama mabaki mengi kuliko aliyowahi kuona. Aproni itarudi yenyewe. Limebaki jambo dogo: ile miduara ya katikati. Itakuwa mingi, na lazima ifichwe mahali. Kuku siwaamini tena. Ndoo ya chini ya sinki Mama anaichungulia kila akipita.

Dada, kesho asubuhi nalituma daftari hili; nijibu upesi, kabla ya Jumamosi: ile ndoo yako kubwa yenye kifuniko, bado unayo?