Boychechak Chini ya Blanketi

Jumapili, 18 Februari
Mwaka huu simbebei mtu unga. Nimeapa! Kila masika Sarvinoz, binti wa baba mkubwa, ndiye anayeona boychechak la kwanza mlimani, ua la njano linalotoboa theluji. Kwa hiyo ndiye anayetangulia nyumba kwa nyumba akiimba, na sisi wengine nyuma yake na mfuko wa unga tunaopewa. Mwaka jana Bibi aligusisha maua yake machoni, kama desturi, akamwita nuru ya macho yangu. Sarvinoz! Mimi ndiye ninayemkanda Bibi miguu. Mimi niliitwa "na huyu pia".

Mpango: nimechimbua mlimani matunguu ya boychechak, yale mashina yake ya mviringo ya chini ya udongo, nimeyafukia kwenye bakuli, bakuli nimelificha chini ya blanketi la meza ya makaa, pale wote tunapoingiza miguu. Joto litayadanganya kwamba masika yamefika. Mwalimu wa biolojia husema, kwa Kirusi, kwamba mmea hauna akili. Safi kabisa! Kero ni mafua tu. Pua imeziba kama imepigwa lipu.

Alhamisi, 22 Februari
Yameota! Baba kalalamika kuna kitu kinamtekenya nyayo. Nikasema labda paka. Hatuna paka.

Jumapili, 25 Februari
Msiba. Majani marefu, ua hakuna. Mama kanusa, kafunua blanketi, kauliza ni mpumbavu gani anapanda vitunguu vya mlimani miguuni pa watu. Vitunguu! Ningejuaje, na pua hii? Majani yakaingia kwenye sambusa. Sarvinoz akaja kula, akasema tamu, nani kapanda? Nikajibu kwa Kirusi kwamba sijui. Nikidanganya kwa Kiuzbeki masikio yananiwaka. Nilikula sambusa nne kwa uchungu.

Jumanne, 27 Februari
Asubuhi Mama kanikatisha vitunguu vyenyewe. Adhabu. Nikamtoroka, aproni ikiwa bado kiunoni, hadi mlimani. Na pale, penye theluji iliyotoboka: njano! Boychechak! La kweli! Nikachuma shada, nikalifunga kwenye aproni, nikateremka mbio, nusu ya njia kwa makalio.

Sarvinoz akasema nimeyanunua sokoni. Watoto wakajipanga nyuma yangu hata hivyo. Mlango wa kwanza, wa Bibi. Nikafungua mdomo niimbe. Haya ikanishika. Sauti haikutoka hata tone! Akaimba Sarvinoz, mfuko wa unga begani, akinitazama kama nimemla mbuzi wake.

Bibi akagusisha maua jicho la kulia, la kushoto. Machozi yakamchuruzika! Shangazi zangu wakashikana mikono: mtazameni mama yetu, tangu mzee wake afariki hajalia! Tukaenda kwa jirani, naye kalia. Fundi viatu, mtu mkavu kuliko ngozi zake, kalia kwa kwikwi, kasema hajawahi kuguswa hivi na masika. Unga tulipewa maradufu. Ni hapo nilipokumbuka nilifutia wapi mikono ya vitunguu.

Jioni Bibi kaniita. Nilijua nimekwisha. Akaninusa vidole, kimoja kimoja.

"Oydin, we mtundu! Mwaka mzima natafuta sababu ya kulia vizuri, sioni. Mwakani ongeza."

Halafu akaniita nuru ya macho yangu. Macho yenyewe mekundu kama pilipili.

Jumatano, 20 Machi
Leo ni kukoroga sumalak, uji mzito wa ngano iliyochipua. Chunguni hutiwa vijiwe, na atakayekuta kijiwe kwenye bakuli lake, bahati ya mwaka ni yake. Kila mwaka anakuta nani? Sarvinoz!

Safari hii nimeokota changu mapema, nitakitema bakulini. Kimo shavuni tangu asubuhi, kwa mazoezi. Wageni wananisalimu, nainamisha kichwa tu. Mama anawaambia msimjali huyu, ana haya tangu kuzaliwa. Kumbe haya nayo ina faida!

Baadaye. Bibi kanichekesha. Nimekimeza. Naenda mtoni kutafuta kingine.