Atakayetangulia Usiku wa Alhamisi

Jumamosi, 1 Ordibeheshti
Mwezi wa pili wa mwaka wetu umeingia, michungwa imetoa maua, Shiraz nzima inanukia. Huu ndio wakati. Nimewapigia simu wapenzi wenzangu wa magari ya zamani: Alhamisi usiku, matembezi ya magari, hakuna mashindano, hakuna haraka. Tukutane bustani za Ghasrodasht, tupande hadi kijiji cha Ghalat mlimani, tunywe chai, turudi. Wote wamekubali!

Jambo moja sikuwaambia. Nataka kutangulia. Nilipokimbia vita Abadan, gari langu hili hili, Peykani, lilikuwa nyuma ya lori la magodoro. Safari nzima sikuona nchi yangu, niliona magodoro. Mara moja tu kabla sijafa, nataka barabara tupu mbele yangu na marafiki nyuma yangu.

Jumapili, 2 Ordibeheshti
Muungwana haombi kutangulia. Huombwa. Hukataa mara ya kwanza, hukataa ya pili, ya tatu husema haya basi, mmenilazimisha. Na huombwa mkubwa kwa umri. Hapo pana kikwazo, jina lake Manuchehr: daktari wa meno mstaafu, Shevroleti nyeupe, tumezaliwa mwaka mmoja.

Nimemdokeza kwamba mimi ni wa Farvardini, mwezi wa kwanza. Akasema naye pia, tena siku ya mwaka mpya yenyewe, mkunga alikuja na peremende mfukoni. Mwongo!

Jumanne, 4 Ordibeheshti
Nimeacha kupaka piko kwenye masharubu. Mvi zimechomoza vizuri. Mke wangu Mahin ameuliza kama naumwa. Nikaenda kununua mkate nikijikokota. Kwenye foleni, nani? Manuchehr. Ana mkongojo! Juzi tu alikuwa anacheza mpira wa meza. Akaniangalia kwa huruma: hujambo, kijana?

Alhamisi, 6 Ordibeheshti, usiku mwingi
Nitaandika kwa utulivu.

Tulikusanyika. Bi Farangis, mwalimu mstaafu wa jiografia mwenye kigari cha manjano aina ya Jiyani, akasema mbele ya wote: Bwana Esfandiar, wewe ndiye mkubwa wetu, tuongoze. Mvi zimefanya kazi! Nikaweka mkono kifuani: haiwezekani, mimi vumbi la miguu yenu. Akaomba tena. Nikakataa tena, mara hii kwa ubeti. Nikavuta pumzi, nikisubiri ombi la tatu.

Manuchehr akadakia: jamani, msimchoshe mzee wa watu, si kasema hataki? Akatupa mkongojo kiti cha nyuma, akaondoka kama risasi.

Nikawa wa mwisho. Wa mwisho kabisa! Mahin akimenya tango alisema zile taa nyekundu zikipinda kando ya kuta ni kama shanga shingoni. Nikamwambia ni magodoro. Akanipa tango.

Kisha Manuchehr akapotea njia. Alituingiza kichochoro cha bustani, kuta huku na huku, mwisho wake lango lenye kufuli na mbwa mwenye maoni yake. Hakuna pa kugeuzia. Tukarudi kinyumenyume, mmoja mmoja, hadi barabara kubwa. Na wa kwanza kutoka ni nani? Mimi! Mbele yangu njia ya Ghalat, tupu, yenye harufu ya maua. Nyuma yangu, wote. Manuchehr akachomoza kichwa dirishani, kwa moyo mweupe kabisa: haya mzee, umeshinda, tupeleke!

Nikashuka. Miguu ilinishusha yenyewe. Mkono kifuani. Nikasikia sauti yangu ikisema: mbele yako wewe, daktari? Haiwezekani, tafadhali, wewe kwanza.

Akasema ahsante, akanipita. Bi Farangis akanipita, akilalamika chai inapoa. Wakanipita wote, kila mmoja na honi ya shukrani.

Mahin alicheka mpaka Ghalat. Baba Nasrin, akasema, barabara umepewa mkononi, ukaigawa kama sadaka.

Ijumaa, 7 Ordibeheshti
Nimelala, nimetafakari, nimeliona kosa. Mara mbili ni chache! Mtu akikataa mara mbili tu, watu huamini kweli hataki.

Asubuhi Manuchehr alikuja na supu ya kichwa na mkate wa moto. Akaapa kwa roho ya mama yake kwamba Alhamisi ijayo nitangulie mimi. Nikakataa, bila shaka. Akasisitiza. Nikakataa mara nne, kwa uthabiti, ili ajue ninavyotamani. Akasema basi, kama ndivyo, atatangulia yeye.

Naona ameanza kulainika.