Wodi ya Wazazi Kanyabugere Yazinduliwa

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Maandalizi ya Kamati Kuu ya Maandalizi; Mheshimiwa Diwani, ambaye ametuma udhuru; Mheshimiwa mwakilishi wa Mheshimiwa Diwani, ambaye naye ametuma udhuru lakini kofia yake iko hapa mezani; waheshimiwa wakuu wa idara, vitengo na sehemu za vitengo; ndugu Mtendaji wa Kijiji; viongozi wetu wa dini, Wakatoliki kwa Walutheri; wazee maarufu; wazee wa kawaida; akina mama, jeshi kubwa; vijana wa bodaboda mliokuja kutoka Ihanda kwa ahadi ya mafuta; wananchi wa Igurwa, wa Nyakasimbi, na hata ninyi mliovuka kutoka upande wa Kyerwa; mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi. Wazee wa kawaida hawapigi.)

Tumsifu Yesu Kristo! (Milele na milele, amina.) Bwana Yesu asifiwe! (Amina.) Kwa wale wasionifahamu, na nitashangaa kama wapo, mimi ni Dastan Byarugaba, Kaimu Mratibu Msaidizi wa Uratibu wa Miradi ya Kimkakati, ambaye leo nimepewa heshima ya kuwa mgeni rasmi baada ya mimi mwenyewe kupendekeza jina langu kwenye kikao nilichokiongoza. Nimesimama mbele ya turubai hili la bluu, na mara tu utepe utakapokatwa mtaishuhudia Wodi ya Wazazi ya Kanyabugere, wodi ya kisasa, yenye vitanda ishirini na vinne, feni, chumba cha upasuaji, na sehemu maalumu ya kunawia mikono viongozi wanaotembelea. (Makofi kutoka hemani. Waliokaa kwenye majani wanatazamana.)

Ndugu wananchi, mradi huu haukuota kama uyoga. Ulianza na andiko, andiko likazaa wokshopu ya siku tano pale Bukoba, wokshopu ikazaa fizibiliti stadi, na fizibiliti stadi ikathibitisha kwamba wanawake wa ukanda huu wanazaa, jambo ambalo hadi wakati huo tulikuwa tukilisikia tu bila takwimu. Tukaunda timu ya wataalamu kumi na tisa, kumi na wanane wakiwa wanaume ili kuepuka upendeleo, ikaenda ziara ya kujifunza Zanzibar, na huko ilijifunza. Ilirudi na matokeo ya kutisha, kwamba asilimia themanini na saba nukta nne ya wajawazito wenu hupelekwa hospitali kwa machela, wakibebwa mabegani na majirani kwa zamu, wanapanda kilima hiki wanashuka kile. Wengine wangekata tamaa. Mimi niligundua kwamba machela haili dizeli, haitoi moshi na haipati pancha, nikawaingiza wabebaji wenu wote kwenye dashibodi kama Huduma ya Dharura ya Miguu, na kwa hatua hiyo peke yake tukavuka lengo la mwaka. (Mzee mmoja: Mabega yangu nayo yaandikeni! Kicheko.)

Yameandikwa, mzee wangu, yameandikwa. Sasa nikigusia fremuwaki ya utekelezaji, ambayo ina nguzo saba, na kila nguzo ina... (Nyuma ya mkutano kuna msukosuko. Wanaume wanne wanapita katikati ya watu, machela mabegani.) Naona wageni. Ndugu waandaaji, hao ni kwaya? Ratiba yangu inaonyesha kwaya ni kipengele cha kumi na moja. (Sauti: Si kwaya, mkuu. Ni mgonjwa!) Basi mpeni kipaza sauti yule wa mbele anayetweta. Jitambulishe, ndugu, kwa kifupi, maana mwenye muda hapa ni mgeni rasmi.

(Mwanaume: Shikamoo mkuu. Naitwa Nsanzimana, tumetoka ng'ambo ya kilima, upande wa Kyerwa. Huyu ni mke wangu, Mahoro. Yuko kwenye uchungu tangu jana mchana na mtoto hatoki. Tulikuwa tunampeleka hospitali, ila gari la matangazo limepita kwetu siku tatu likisema wodi ya Kanyabugere inapokea wazazi kuanzia leo. Tukageuza njia. Tunaomba aingie.)

Mmesikia? Ndugu wananchi, mmesikia? Wamegeuza njia! Kuna watu, sitaki kuwataja, wanashinda kwenye kilabu cha rubisi wakiulizana hii wodi iko wapi. Na mimi nawauliza, kama wodi haipo, huyu mama amefuata nini hapa? (Makofi kutoka hemani pekee.) Mahoro, binti yangu, pole sana na hongera sana, wewe ndiye mteja wetu wa kwanza. Mpiga picha, mpige akiwa amefumba macho hivyo hivyo, inaonyesha imani.

Kuhusu kuingia, ndugu Nsanzimana, nakuomba utulivu. Wodi ambayo haijakatiwa utepe, kwa mujibu wa mwongozo, bado ni eneo la ujenzi, na hakuna anayeruhusiwa kuingia eneo la ujenzi bila kofia ngumu. Utepe tunao. Mkasi uko kwenye gari la pili, na gari la pili limepitia mnadani kuchukua mbuzi wa wageni. Mwekeni mama kivulini, mpepeeni kwa ratiba, mimi nimebakiza kurasa tisa tu. (Mahoro anapiga ukelele. Akina mama wanainuka wote kwa pamoja.)

(Mama mmoja, mkono ukiwa juu ya tumbo la Mahoro: Waitu, baba, acha hizo karatasi! Mimi ni Kokuberwa, nimezalisha kijiji hiki miaka thelathini. Mtoto amelala vibaya, huyu anataka kupasuliwa, na kuchelewa hapa ni kumzika. Kilichoko nyuma ya hilo turubai nakijua kuliko wewe. Toa gari! Umati: Gari! Gari!)

Mama Kokuberwa, nakuheshimu kama mama yangu mzazi, lakini tusichanganye hisia na taratibu. Lile jeupe mnaloliona pale si gari kama mnavyodhani ninyi, ni kitendea kazi, na kazi yake ya leo ni kunifikisha Kyerwa saa nane kamili, ambako ninakwenda kuzindua gari la wagonjwa. Sasa nikilitoa hili libebe mgonjwa, gari la wagonjwa litazinduliwa na nani? Tujifunze kufikiri kwa mapana, ndugu zangu. Hapa tuna mgonjwa mmoja wa leo, kule tuna wagonjwa elfu kumi na mbili wa mpango wa miaka mitano, na mtu yeyote aliyehudhuria wokshopu anajua upi ni mzigo mkubwa. (Nsanzimana amepiga magoti. Dereva wa mgeni rasmi anatoka kivulini, anafungua milango ya gari.)

Edgar? Edgar, unatafuta nini humo? Hiyo ni siti yangu. Edgar, hayo makabrasha unayoyaweka kwenye majani yana muhuri! Akina mama, msipitishe machela hapo, viti vina vitambaa vya kukodi! Edgar, ninakuagiza kama dereva wa ofisi, na ninakuagiza mbele ya kofia ya mwakilishi wa Mheshimiwa Diwani! (Edgar, akiwa tayari kwenye usukani: Bosi, wewe malizia hotuba. Mke wangu alifia barabarani hivi hivi, tukimsubiri mkubwa amalize kikao. Mimi kurasa tisa sizisikilizi.) (Gari linaondoka, Mahoro kalazwa nyuma, Nsanzimana na Mama Kokuberwa wamemshika. Umati unashangilia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.)

(Mgeni rasmi anajifuta jasho kwa ukurasa wa kumi na nne.) Ndugu wananchi, kama mlivyojionea kwa macho yenu, mfumo wetu wa rufaa umefanya kazi. Tangu mteja apokelewe hadi apewe usafiri hazikufika dakika ishirini, na yote haya yamefanyika chini ya maelekezo yangu. Watu wa takwimu waandike: waliofika wodini leo, mmoja, waliofia wodini leo, hakuna. Hiyo ni asilimia mia moja, na sijui wodi nyingine iliyofikia kiwango hicho siku ya kwanza, tena bila muuguzi. (Mtu mmoja anazomea. Wengine wanapokea.)

Asanteni. Sasa tusimame wote. Nikisema Kanyabugere, mnaitikia wodi kwanza. Kanyabugere! (Iko wapi?) Kanyabugere! (Iko wapi?) Uzazi salama! (Kwa gari la Edgar!) Mwitikio ni mzuri, nimeupokea.

Kwa kumalizia, naishukuru kamati ndogo, naishukuru kamati kuu, najishukuru na mimi mwenyewe kwa uvumilivu. Kwa namna ya pekee namshukuru Mama Kokuberwa, popote alipo njiani, kwa kukubali tufunge kamba zetu kwenye migomba yake, na vijana mtakaofungua turubai nawasihi mpite pembeni, kwa sababu maharage yake yaliyoko nyuma ndiyo kwanza yanatoa maua, na hakuna kitu kingine kilichowahi kusimama katika eneo hili la mradi tangu tuliposaini andiko. Likunjeni vizuri, msilichane. Kisha nitafutieni bodaboda mmoja aniwahishe nalo Kyerwa kabla ya saa nane. (Bodaboda wote wanaangalia pembeni.) Jamani, nawaomba, hata kwa mkopo wa mafuta. Wananchi wa kule wameshakusanyika, gari la matangazo limeshawaambia wawalete wagonjwa wao, na bila turubai hili hakuna gari la wagonjwa.