Marehemu Kando ya Bibi Harusi

Jumatatu, 2 Agosti 1999
Ieleweke na vizazi vyote vya mji wetu wa Wote: leo asubuhi nimepangusa skrini ya kompyuta ya studio. Kwa shati. Kalondu, fundi cherehani wa mlango wa pili, ameleta picha pekee ya marehemu mumewe, pamoja na ya binti yao Mutindi aliyevaa shela. Anataka niziunganishe, baba asimame kando ya bintiye, picha ionekane harusini Jumamosi. Kazi ndogo, nikamwambia. Nzioka wa studio ya ng'ambo ya barabara akacheka. Bado anasafisha picha kwa dawa zinazonuka, ingawa naye ana kompyuta na programu ya kuunganisha picha kama yangu. Ni ya bure. Nilimpa mwenyewe. Ujinga!

Jumatano, 4 Agosti
Mwalimu Kavata kaja na onyo. Maandishi ya ndani ya programu yako wazi kwa kila mtu, naye ameyasoma. Ina kasoro. Faili ya picha hutaja ukubwa wake mwanzoni, na programu huamini bila kupima. Akanikumbusha enzi zangu za kuuza ndengu: umetenga mkebe mmoja wa kasuku, mtu anamwaga debe zima. Zinazofurika zinaharibu kazi nyingine iliyo wazi, na mjanja anaweza kupenyeza amri zake humo. Amenionyesha picha ya namna hiyo kwenye diski. Diski akaisahau. Sikumkumbusha.

Alhamisi, 5 Agosti
Marehemu amesimama vizuri. Bado kivuli tu. Kesho Nzioka atapata zawadi ya diski.

Ijumaa, 6 Agosti
Msiba. Marehemu ni mistari kutoka tai hadi kichwa. Mutindi hana uso. Nikamwambia Kalondu stima ilipotea. Akasema cherehani yake ya stima imeshona tangu asubuhi.

"Mwangangi, huyu mtu nilishamzika. Usinizikishe tena."

Akachukua picha zake, akavuka barabara.

Jumamosi, 7 Agosti
Kwa Nzioka, marehemu ametoka akitabasamu. Kalondu alilia, akacheka. Mimi nikala pilau ya harusi nikitazama sahani.

Ukweli ni huu. Kabla ya kumpelekea Nzioka diski, nilitaka kuhakikisha inaharibu. Nikaifungua, marehemu akiwa bado wazi kwenye programu. Skrini ikacheza. Nikashtuka, nikabonyeza kuhifadhi, na uharibifu wote ukahifadhiwa juu ya kazi yangu.

Kavata ameniletea programu iliyorekebishwa. Nimemwomba asimpe Nzioka. Yangu nitaiweka baadaye. Jumatatu diski inavuka barabara. Ila kwanza niijaribu tena kidogo, isije ikawa imeharibika.