Kanuni ya Saba

Jumatatu, 5 Agosti 1996
Mke wangu Tryphena yuko kwao Bura, siku ya tisa. Amebeba masanduku yote mawili. Anasema hakuolewa ili akae godauni. Godauni! Ghorofa nzima ya juu ya kiwanda cha zamani cha mkonge, hapa Voi, nguzo za chuma, madirisha hadi darini, naye analilia vyumba. Wakala wa nyumba alinihakikishia kuwa Ulaya wenye nafasi zao huishi hivi: kitanda huku, jiko kule, hewa inapita. Leo amepiga simu. Mama yake anakuja Jumamosi kukagua. Akipata mahali pa heshima pa kulala, Tryphena atarudi. Asipopata, basi. Na mama mkwe hawezi kulala mahali anapokiona kitanda cha mkwewe, hilo najua hata mimi. Nahitaji ukuta.

Jumanne, 6 Agosti
Kikao cha wakaazi. Tatizo ni kanuni ya saba, inayokataza kuta mpya. Niliiandika mimi, Januari, kumkomesha Fawaz wa ghorofa ya chini aliyetaka kugawa kwake kwa plaiwudi. Leo Fawaz ameisoma yote, kwa Kiswahili chake laini cha pwani, mpaka pale paliposema kuta ni ushamba. Chini, sahihi yangu: Mwandawiro. Wamecheka sana. Ombi langu limekataliwa.

Jumatano, 7 Agosti
Gunia si ukuta. Nimeshona magunia ishirini na kuyatundika kwenye bomba. Vidole vimetoboka vyote. Upepo umeingia, magunia yakavimba, yakaangusha jiko. Nimeyateremsha. Sijakata tamaa.

Ijumaa, 9 Agosti
Kabati pia si ukuta. Nimeazima nne ndefu kwa Mwanzia, seremala. Ngazi ni nyembamba, kwa hiyo nimetumia winchi iliyokuwa ikipandisha marobota ya mkonge. Tatu zimepanda vizuri. Ya nne imekwama hewani, mbele ya dirisha la Fawaz. Mnyororo una kutu. Fawaz ametoa kichwa akauliza, kwa upole, kama huo nao ni ushamba.

Jumamosi, 10 Agosti
Tryphena na mama yake wamefika, na kuku mmoja. Mama mkwe ameitazama kabati iliyoning'inia. Amepanda. Pengo la kabati ya nne limeelekea kitandani kwangu sawasawa. Amegeuka akaanza kushuka. Kwenye ngazi Khairat, mke wa Fawaz, amewakaribisha chai. Hawakurudi. Nimewafuata. Fawaz ana vyumba vitatu! Plaiwudi, rangi, milango yenye vitasa, tangu Machi, nyuma ya mapazia yake. Mama mkwe alikuwa ameshavua viatu. Amesema hapo pana adabu. Wamepewa chumba cha wageni, yeye na Tryphena.

Jumatatu, 12 Agosti
Mama mkwe ameondoka. Tryphena amebaki chini, na hapandi kulala mpaka niweke ukuta. Asubuhi amekuja kuchukua sufuria yake. Nimemkumbuka sana, hata manung'uniko yake. Khairat ameshauri tuifute kanuni ya saba, akasema Fawaz ameshacheka vya kutosha, ataniunga mkono. Aniunge mkono! Nimeuona mtego. Nimeandikia kamati ya wakaazi kurasa nne: Fawaz amevunja kanuni ya saba, kuta zake zibomolewe zote kabla ya Ijumaa, kuanzia chumba cha wageni. Nimeweka sahihi kubwa na kuifunga bahasha vizuri. Tryphena amepanda tena kuchukua mwiko; nimempa aipeleke, maana anashuka huko huko.