Chochote cha Zaidi ya Miaka Kumi

Jumatatu, 4 Machi

Siku ya neema! Mfumo umelemaa kabisa, na mimi ndiye nitakayeupa dawa.

Nieleze, maana shajara hii itasomwa na wajukuu. Kiwandani kwetu tunatengeneza milango. Kila kitu kimo ndani ya Mfumo: maagizo ya wateja, mbao zilizoko ghalani, wafanyakazi, hata kadi za kufungulia geti. Miaka ishirini watu wanaingiza tu, hakuna anayetoa. Leo kufungua agizo moja kumechukua muda wa kwenda msalani na kurudi. Nimepima. Nimeenda, nimerudi, kiduara bado kinazunguka.

Mkurugenzi katuita wawili, mimi na Bi. Orodha. Kasema data ya zamani ihamishiwe Hifadhi ya Kale, Mfumo upate kupumua. Atakayefanikisha ndiye Mkuu wa Mifumo. Na chumba chake mwenyewe. Chenye dirisha! Miaka kumi na moja nimekaa kwenye meza inayotazama ukuta. Ukuta huo naujua kuliko ninavyowajua shemeji zangu.

Bi. Orodha, ambaye hata maji hanywi bila kuweka alama ya vema kwenye karatasi, kasema wiki tatu. Kwanza nakala ya kila kitu, kisha kuangalia kipi bado kinatumika, kisha jaribio, kisha kuwauliza wakuu wa vitengo. Kawia ufike, kasema. Mimi nikasema siku mbili. Mkurugenzi akanitazama kwa upendo mtupu.

Bi. Orodha akaomba angalau achukue nakala kabla sijagusa kitu. Nikamwambia achukue, kila mtu na burudani yake.

Nimempigia simu mama mkwe kumweleza kwamba nimepandishwa cheo. Bado, lakini habari njema haina haja ya kungoja ukweli. Kasema atakuja Ijumaa akione hicho chumba kwa macho yake. Sauti ya mtu asiyeamini. Tangu nioe ananiita "huyu bwana wa binti yangu", kama vile nimeazimwa.

Jumanne, 5 Machi

Nimemaliza! Kabla ya chai ya saa nne!

Ukurasa wa kuhamisha data unauliza: chochote cha zaidi ya miaka mingapi? Nikaandika kumi. Ukauliza tena: umri uhesabiwe tangu kitu kilipoingizwa, au tangu kilipotumika mara ya mwisho? Swali la kupotezeana muda. Umri ni umri. Mtu haulizwi umri wake tangu alipokula mara ya mwisho. Nikachagua tangu kilipoingizwa. Ukauliza vitengo gani. Vyote. Ukauliza kama nina uhakika. Mimi!

Sasa Mfumo unakimbia. Bonyeza, tayari. Mama wa mauzo kapiga vigelegele. Mkurugenzi kanipigapiga begani mara mbili, na mara ya pili alikawiza mkono kidogo. Bi. Orodha kaja kuuliza nilichagua tarehe ipi. Nikamwambia mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Akaenda kuandika kitu, akakiacha mezani kwangu. Sijakisoma. Wivu haunisumbui.

Alasiri nimepima chumba changu kwa hatua na kuchora mahali pa kiti, kabati na mama mkwe. Mchoro nimeuweka mezani, juu ya karatasi ya Bi. Orodha.

Jumatano, 6 Machi

Asubuhi geti limemkataa mzee wa geti. Ana miaka kumi na tisa pale, na leo kasimama upande wa barabarani akiligonga geti lake mwenyewe. Nikamwambia kadi imechakaa. Kisha likaikataa kadi ya Mkurugenzi. Nikamwambia ni vumbi. Akaifuta kwenye koti mara tatu, masikini, mpaka mama wa mauzo akatufungulia kwa yake. Yangu nayo ilikuwa na vumbi.

Saa tatu Fundi Mkuu kapanda ghorofani na karatasi ya kazi. Mfumo umemwagiza atengeneze milango sitini bila bawaba, kwa sababu bawaba hazimo. Kumbe bawaba ndicho kitu cha kwanza kabisa kuingizwa kwenye Mfumo. Maboksi yake yamejaa ghalani, watu wanayaruka, lakini Mfumo ukisema hakuna, mtunza ghala hatoi. Fundi Mkuu akataka nimwambie mlango usio na bawaba unaitwaje. Nikasema, ubao? Hakucheka. Kasema mteja anakuja kuichukua milango Jumatatu, na kama haitakuwa tayari atanipachika mimi kwenye fremu.

Sijali. Kasi bado ni nzuri mno. Kitu kisichopo hufunguka upesi sana.

Alhamisi, 7 Machi

Barua.

Sikujua kwamba Mfumo una adabu kiasi hiki. Mfanyakazi akihamishiwa Hifadhi ya Kale, Mfumo unaelewa kwamba amestaafu, na baada ya siku mbili unamwandikia barua ya kumuaga. Leo asubuhi printa imezitapika zote. Mkurugenzi kashukuriwa kwa utumishi wake na kutakiwa mapumziko mema pamoja na wajukuu. Hana mjukuu. Ana mtoto darasa la pili. Fundi Mkuu kaagwa. Mzee wa geti kaagwa, naye hakuuliza swali hata moja: kabeba redio yake na kuanza kupeana mikono na kila mtu, mpaka wakamzuia.

Ya mwisho ilikuwa yangu. "Pengo lako halitazibika." Nimeisoma mara nne. Machozi yalinilenga. Hakuna aliyewahi kuniandikia hivyo.

Mkurugenzi kaamuru kila kitu kirudishwe sasa hivi. Nikabonyeza. Mfumo ukasema mstaafu haruhusiwi. Mkurugenzi akanisukuma, akabonyeza mwenyewe. Mstaafu haruhusiwi. Ikabidi tumtafute mkubwa aliyebaki kazini, yaani mwenye miaka mingi zaidi bila kufikisha kumi. Bi. Orodha. Miaka tisa. Tangu juzi ndiye anayekiongoza kiwanda kizima.

Mkurugenzi kamuuliza kwa nini hakusema. Kasema aliandika. Wakaja mezani kwangu, wakauinua mchoro wa chumba, na chini yake ilikuwapo karatasi: "Tafadhali badilisha tarehe. Umetuhamisha watu." Mkurugenzi akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Ningependa angetukana.

Bi. Orodha katoa ile nakala ya Jumatatu na kuanza kurudisha. Bawaba kwanza, kisha watu, mmoja mmoja, kila mmoja na alama yake ya vema. Mkurugenzi kapanga foleni. Foleni! Tena nyuma ya mzee wa geti, maana Bi. Orodha kasema geti halina cheo.

Zamu yangu ikafika. Fomu inauliza: sababu ya kumrejesha mfanyakazi huyu. Za wengine kajaza mwenyewe bila kufikiri. Kwangu akasita, akanisogezea kompyuta, akasema kwa upole, "Jaza tu mwenyewe, kaka."

Nikaandika "mchapakazi". Fundi Mkuu alikuwa nyuma yangu akisoma. Akakohoa. Nikafuta. Nikaandika "mwangalifu". Foleni nzima ikakohoa. Nikafuta. Miaka kumi na moja, na kisanduku kiko kitupu, na watu wanasubiri. Niliona aibu. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna anayesoma.

Mwishowe yeye mwenyewe akaandika: "Anajitahidi." Akabonyeza. Nikawa nipo tena.

Ijumaa, 8 Machi

Mkuu wa Mifumo ni Bi. Orodha. Ametangazwa saa mbili asubuhi. Mimi nimepelekwa chini, kwenye ghala la makaratasi, ambako kwa maneno ya Mkurugenzi hakuna kitufe cha kubonyeza isipokuwa cha taa.

Saa nane mama mkwe akafika, kavaa viatu vya sherehe. Nikampitisha mlango wa nyuma moja kwa moja hadi chini. Nikamwambia mimi ni Mkuu wa Kumbukumbu. Chumba changu mwenyewe. Dirisha lipo, dogo, juu kabisa, na ukilitazama unaona miguu ya watu. Akaitazama ile miguu. Akanitazama mimi.

Mara Bi. Orodha akaingia kutafuta faili. Mama mkwe, bila hata salamu kumalizika, akamuuliza huyu bwana hapa ni nani hasa. Bi. Orodha angeweza kunimaliza kwa sentensi moja, na haki alikuwa nayo. Kasema, "Huyu, mama, ndiye aliyetufundisha kwamba bila wazee kiwanda hakifunguki."

Mama mkwe akakaa kitako. Akapenda. Wakati wa kuondoka akanishika mkono na kuniita mwanangu. Mara ya kwanza! Nimemwambia mke wangu, akanifanya nirudie mara tatu.

Jumatatu, 11 Machi

Nimeamka na nguvu mpya. Mama mkwe anaamini, basi lazima nionyeshe kitu.

Ghala hili limejaa hadi darini, na tatizo nimeliona siku ya kwanza: watu wanaingiza tu, hakuna anayetoa. Safari hii nimekuwa makini. Tarehe siziangalii kabisa, tarehe zilinihadaa. Naangalia vumbi. Chenye vumbi jingi hakitumiki. Bi. Orodha kapita mlangoni kuuliza kama nahitaji orodha ya mafaili. Nikamshukuru. Nataka nimshtukize.

Faili lenye vumbi kuliko yote lilikuwa rafu ya juu, limefungwa kamba, lina mhuri wa serikali. Limeandikwa HATI YA KIWANJA. Hati ya nini? Kiwanja si hiki tunakikanyaga kila siku? Nimeliweka la kwanza kwenye toroli.

Mashine ya kukatakata karatasi nimeiazima mapokezi hadi saa kumi. Ina kasi ya ajabu.